Mkuyu Usiokuwepo

Kama una mtoto anayependa ramani, isome hii hadi mwisho, kisha mpelekee na jirani yako.

Mzee Mgonja wa Upareni alikuwa na binti, Namsifu, aliyesomea jiografia chuo kikuu. Mzee alitaka awe daktari, basi alinuna. "Ramani za nini? Nani hapa kwetu amepotea?" alikuwa akisema, na wenzake wakicheka. Hata binti alipoajiriwa wilayani, mzee aliwaambia watu kwamba amekwenda kuchora vilima.

Mchana mmoja mkewe aliumwa na nyoka shambani. Mzee akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Mko wapi, baba?" dereva akauliza.

"Kwenye Mkuyu, mbele kidogo!"

Jamani, "mbele kidogo" yetu tunaijua! Na mkuyu wenyewe ulishakatwa zamani, limebaki jina. Dereva alikuwa mgeni. Akazunguka wee, huku mguu wa mama unavimba na mzee analia waziwazi. Simu ikaita tena.

"Baba, mkuyu siuoni!"

"Utauonaje na haupo?" mzee akafoka. "Mke wangu ananifia!"

"Subiri, nimuulize mtu wa ramani ofisini." Punde akarudi kwenye simu. "Anauliza, ni Mkuyu wa mnadani au wa mashineni?"

"Wa mashineni!"

Haikupita muda, gari likatokea kwa njia ya nyuma ya kanisa, ile ambayo hata wenyeji wengi hawaijui. Mama akawahi hospitali, akachomwa sindano, na daktari akasema atapona.

Mzee akamshika dereva mkono. "Huyo mtu wa ramani ni mzee gani wa kwetu? Nataka nimshukuru."

Dereva akacheka. "Mzee wapi! Ni binti, Namsifu Mgonja. Alipita kila kitongoji akiuliza watu wanapaitaje, akayaweka majina yote kwenye ramani."

Mzee Mgonja aliduwaa. Kisha akaruka katikati ya wodi, akapaza sauti: "Ni mwanangu huyo! Nimemzaa mimi!"

"Baba, hapa kuna wagonjwa," muuguzi akamkanya.

"Na wao wasikie!" akajibu mzee, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

Funzo: Usimcheke mtoto kwa fani usiyoielewa. Anayejua watu walipo anaokoa maisha sawasawa na anayejua dawa.