Vifijo Havishushi Homa

"Vifijo havishushi homa." Kocha amemwambia hivyo Sefu alipomweka benchi kwa ajili ya homa yake, nanyi mkacheka. Sefu mwenyewe amenuna hata chai hataki. Basi kaeni niwaeleze maneno hayo yalikotoka, maana si ya wahenga wa kale. Yalianzia hapa hapa misheni ya Kilimahewa, na aliyeyaleta ni Sista Remedi, Mhispania aliyenifundisha ukunga.

Sista alikuwa na mdogo wake, Fermin. Walizaliwa katika mji wa wachimba chuma, kaskazini mwa Uhispania, na baba yao alifia mgodini. Fermin alikuwa mwembamba, si mrefu, lakini mpira wa juu aliuwahi kabla ya mabeki waliompita kichwa kizima. Ndevu hazijamtoka vizuri, tayari alikuwa mshambuliaji wa timu ya mji, na hata vikongwe wasiojua kona ni nini walimjua kwa jina.

Zama hizo sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba. Aliyeumia hakutoka, alisogezwa pembeni, asimame tu ili timu isipungue. Watu wa mji ule waliizoea mno desturi hiyo, wakaona kumweka mgonjwa pembeni ndiko kumpumzisha. Mazoea yana tabu.

Ikafika mechi na mahasimu wao wa mji wa jirani. Fermin alikuwa kitandani, mwili unawaka, kifua kinambana. Remedi, aliyekuwa bado msichana anayesomea unesi, alimsikiliza kifua akajua ni nimonia. Viongozi wa timu wakaja nyumbani, kofia mkononi.

"Mama, hatukuja kumchosha," mwenyekiti alisema. "Asimame pembeni tu. Wapinzani wakimwona watamwekea mabeki wawili, wenzake wapate nafasi."

"Hata kitandani anaweza kulala pembeni," Remedi akajibu.

Mama yao akamgeukia mgonjwa. "Mwanangu, wewe wasemaje?"

"Niende, mama. Wakinishangilia, homa hushuka."

"Haishuki, Fermin," dada yake akamwambia. "Unaisahau tu."

Akaenda. Walimvisha sweta chini ya jezi, wakaona wamemtunza.

Mvua ilinyesha mchezo mzima. Fermin alisimama pembeni kama walivyoahidi, akikohoa, mpaka dakika za mwisho timu zikiwa hazijafungana. Mpira mrefu ukatoka upande wa pili. Hakuna aliyemtuma, lakini mshambuliaji ni mshambuliaji. Aliruka, akaupiga kichwa, ukaingia.

Watu walivamia uwanja. Wakambeba mabegani, wakamzungusha mvuani, sweta limelowa chapachapa. Remedi alikimbia nyuma yao akipiga kelele, "Mshusheni! Mshusheni!" Hakuna aliyemsikia. Walioona mdomo wake wazi na machozi yake walidhani naye anashangilia, wakamkumbatia.

Fermin hakuiona Jumapili iliyofuata. Mji mzima ulimzika, na viongozi wale walilia kwa uchungu wa kweli. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linaloniuma mimi hadi leo.

Miaka ikapita, Remedi akawa mtawa, akaletwa huku kwetu. Kulikuwa na mchezaji hodari hapa misheni, amelazwa kwa malaria, na siku ya fainali wenzake walikuja wodini kumwomba.

"Sista, hatacheza. Atasimama pembeni tu."

Mimi nilikuwa nakunja mashuka. Sista nilimjua kuwa mkali, mtu wa kukuondoa kwa jicho tu. Siku hiyo aliketi kizingitini, akawazuilia mlango, akalia mbele yao kama mtoto. Kisha akawasimulia habari za Fermin, neno kwa neno, kama nilivyowasimulia ninyi.

Walipokwisha kusikia, nahodha wao akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa, Sista, watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyetaka apone?"

"Wote walitaka, mwanangu," Sista akasema. "Walimpenda wote. Ila vifijo havishushi homa."