Opoo ya Pandu na Kitabu cha Zana

Hapo zamani, katika mji wa Chundwani, asubuhi ya Jumanne, walihudhuria ukumbini watu hawa: Sultani mwenyewe, Hamdani bin Ngwali; waziri wake, Feruzi bin Amani; karani, Mbaruku bin Zume; seremala, Ubwa bin Makungu; msusi wa mikeka, Bi Mize binti Vuai; na fukara mmoja aliyeopoa ndoo zilizotumbukia visimani, jina lake Pandu bin Machano. Wako wanaomwita Pandu Machungu. Wanakosea.

Basi mji huo ulikuwa na kitabu, na humo watu waliandikisha kila zana waliyoiona inafaa, ili mwenye kazi asihangaike kutafuta. Aliyetaka alimwambia karani, na karani akaandika. Ikawa kitabu kinanenepa, hata kijiti cha kujikunia mgongo kikaandikwa mara nne, kwa majina manne.

Sultani hakuyajali hayo mpaka siku aliponunua birika la kahawa lililosifiwa kitabuni, nalo likavunjika mdomo siku ya tatu. Akaagiza aletwe aliyelitengeneza ili amfokee, akaambiwa amekwisha kufa. Sultani akashinda na hasira yake kutwa, hana pa kuitua. Kesho yake akatoa amri: kitu chochote kilichotengenezwa kwa mkono kisiandikwe kitabuni ila aliyekitengeneza awe hai; na kisichoandikwa kisitumiwe na yeyote, mkubwa wala mdogo. Kikiwa cha mti, kikatwe kuni.

Jumanne hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya ukaguzi. Pandu alikuja na opoo yake, ufito mrefu wenye kulabu ya chuma nchani. Huo ndio uliomlisha yeye na mkewe. Hakuwa na kingine.

Waziri Feruzi akauliza, "Nani aliyeitengeneza?"

"Baba yangu, Machano bin Faki."

"Yu wapi?"

"Makaburini, bwana, tangu mwaka wa njaa."

"Haiingii. Karani, andika: kuni."

Ubwa seremala akanyanyua shoka. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Ni mti mkavu, utawaka vizuri."

Pandu akainama mbele ya Sultani. "Maulana, amri yako ni amri. Ila namwona waziri amechoka. Niruhusu nimsaidie kukagua."

"Kagua," akasema Sultani.

Basi Pandu akamgeukia Ubwa. "Shoka hilo alilifua nani?"

"Mhunzi Silima bin Tabu."

"Hajambo?"

"Hajambo vipi? Si tulimzika sote! Wewe ulikula wali mara mbili."

"Basi liweke chini."

Ubwa akaliweka. Pandu akauliza habari za mkeka uliokuwa mbele ya kiti cha Sultani. Bi Mize akajibu, "Nimeusuka mimi, na mimi sijafa, kama huoni."

"Mkeka unaingia. Na kiti, Maulana?"

Sultani akafikiri. "Kilichongwa zama za babu yangu, na marehemu Khatibu bin Ame."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Tafadhali simama, Maulana."

Waziri akafoka, "Wewe Pandu, una wazimu?"

"Amri imesema mkubwa wala mdogo, bwana waziri. Sikuitoa mimi."

Sultani akasimama. Pandu akatazama chini. "Na sakafu hii?"

Karani Mbaruku akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliyeimwaga ni mwashi Haji bin Dude, na kwamba Haji naye hayupo. Basi Sultani akanyanyua mguu mmoja, kisha akaona hana pa kuuweka. Akaurukia mkeka. Waziri akamfuata, na karani, na seremala, na Bi Mize, na Pandu na opoo yake, hata wakawa watu sita juu ya mkeka wa mtu mmoja, wameshikana viuno.

Bi Mize akalia katikati yao, "Msinibane kifua, jamani! Nikifa mimi, mtasimama wapi?"

Hapo Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na hakuna aliyethubutu kushuka kukiokota.

"Ewe Pandu," akasema alipopata pumzi, "ungeandika wewe sharti, ungeandika lipi?"

"Maulana, nisingeuliza nani aliitengeneza. Ningeuliza, ikivunjika nani ataishughulikia, na jina lake liandikwe pembeni. Ikikosa mtu, ifutwe."

Ikawa hivyo. Watu wakashuka sakafuni, na vijiti vyote vinne vya kujikunia mgongo vikafutwa, kwa kuwa hakuna aliyevisimamia. Ilipofika zamu ya opoo, karani akaandika pembeni: Pandu bin Machano.

Waziri, ambaye kiuno kilikuwa kikimuuma, akasema, "Jina moja halitoshi. Naye akifa? Yaandikwe mawili, au iwe kuni."

Watu wakatazamana. Hapana mwingine aliyejua kukunja kulabu. Pandu akaishika opoo yake kwa mikono miwili.

"Karani, niandike mimi," akasema Sultani.

Basi asubuhi tatu mfululizo Sultani Hamdani alikwenda nyumbani kwa Pandu kujifunza kukunja chuma. Siku ya pili akajiunguza kidole gumba, akatafuta mtu wa kumfokea, akaona ni yeye mwenyewe. Siku ya tatu kulabu ikakubali.

Mwaka uliofuata karani alipiga mstari juu ya jina la kwanza mbele ya opoo, akaliacha la pili. Pandu bin Machano alikufa Alhamisi, tarehe tatu, mwezi wa Rajabu.