Pumzi za Bi Kobe

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Uoneni mto mwembamba, na kando yake mkeka. Upande mmoja ameketi Mama Nyati, upande wa pili Bi Kobe, jirani yake mzee. Hawasemi. Wanasikiliza maji tu: chururu, chururu.

Zamani hizo wanyama walikuwa na nyumba na majiko yao, na misiba pia. Mama Nyati alikuwa amefiwa na mwanawe. Hakupata usingizi mpaka Bi Kobe alipomwita mkekani. Kila asubuhi wakaketi kimya pamoja, na kidogo kidogo akaanza kulala.

Siku moja akapita Nguchiro, mdogo, mwepesi, mkoba begani.

"Mama Nyati, bado unasikiliza maji? Mimi nafundisha kuketi kwa neno la siri. Ni njia bora kuliko zote. Nimefanya utafiti."

"Utafiti gani, bwana mdogo?" akauliza Mama Nyati.

"Nahesabu pumzi. Aliyetulia hupumua polepole. Njooni kilimani kwangu mjionee."

Bi Kobe hakutaka ugomvi. Akapanda kilima pamoja na Mama Nyati, kokota, kokota, jua utosini. Alipofika juu tu, Nguchiro akazibua kibuyu chenye tundu dogo. Maji yakadondoka, tip, tip, naye akahesabu pumzi mpaka yakaisha.

Hee, hee, hee, alihema Bi Kobe.

"Arobaini," akasema Nguchiro. Kisha akamhesabu mwanafunzi wake Pimbi, aliyekuwa ameketi kivulini tangu asubuhi. "Kumi na mbili. Mnaona? Hesabu haina upendeleo."

"Lakini mjukuu wangu, mimi ndio kwanza..."

"Bibi, usibishane na utafiti."

Mama Nyati akatazama chini. "Nisamehe, Bibi. Nataka kupona haraka."

"Nenda, mwanangu. Nafasi yako mkekani nitaiacha wazi."

Tangu hapo Mama Nyati akawa anapanda kilima na kikapu cha karanga, ada ya mwalimu. Alilirudia neno la siri mpaka ulimi ukachoka. Usingizi haukuja.

"Ongeza bidii," alisema Nguchiro akitafuna. "Na kikapu kiwe kikubwa kidogo."

Ikafika siku yake ya kupimwa. Akafika juu anahema.

"Nihesabu sasa, mwalimu."

"Hapana, Mama. Pumzika kwanza kivulini. Aliyetoka kupanda kilima hapimwi, atahema tu."

Mama Nyati akatua kikapu polepole. "Bi Kobe ulimpumzisha?"

Nguchiro akameza karanga. "Yule hakuwa mwanafunzi wangu."

Mama Nyati akateremka mbio, kudu, kudu, kudu. Mkeka ulikuwa palepale. Bi Kobe hakuwepo. Korongo alikuwa amesimama majini.

"Tulimzika juzi, Mama," akasema. "Tulikufuata kilimani, tukaambiwa uko masomoni, usisumbuliwe. Mpaka siku ya mwisho aliketi upande wake tu. Nilitaka kukaa naye, akaniambia huu mwingine una mwenyewe."

Mama Nyati akaketi upande ule ulioachwa wazi. Chururu, chururu, yalisema maji. Akayasikiliza peke yake.

Anayesema njia yake inashinda zote, mwulizeni kwanza amezipimaje.

Na mkisahau mengine yote, wanangu, nawaomba mkumbuke hili moja: Bi Kobe alihesabiwa pumzi akiwa bado anahema.