Ngwe ya Nani?

Palikuwa na mlio mmoja tu usiku ule: ko! Nyundo juu ya kigingi. Kisha kimya, na vyura wakaendelea na mambo yao.

Palikuwa pia na Sultani, Shekuwe wa Mtapani, mwenye mashamba ya mtama yasiyo na mwisho na subira iliyokwisha zamani. Asubuhi watu wake walipofika na majembe, wakakuta kigingi cha mwisho kimehama. Jana kilikuwa chini ya mkwaju. Leo kimevuka mfereji, kimepita kichuguu, kimesimama mbali huko, mpaka ukunje uso ndipo ukione.

"Ngwe ya leo ni ile," akasema nokoa, msimamizi wa shamba, huku akitazama pembeni.

Sasa, wenzangu, tuelewane kuhusu neno hili. Siku hizi mnalisikia redioni, ngwe ya kwanza ya mchezo, ngwe ya pili, na mtangazaji mwenyewe hajapata kushika jembe. Zamani ngwe ilikuwa kamba tu. Kamba ikapima shamba, na kipande kilichopimwa nacho kikaitwa ngwe. Kisha hata kazi ya kukilima ikaitwa ngwe. Kila mtu alimlimia Sultani ngwe moja kwa siku, tangu alfajiri mpaka saa nne, halafu akaenda kwake kulima chake.

Na pale Mtapani kamba haikukatwa ovyo. Alichaguliwa mtu mmoja, akalima mbele ya mashahidi. Saa nne ilipofika, pale alipoweka jembe chini ndipo kigingi kilipopigwa, na kamba ikachukua jina lake. Kila asubuhi wakulima waliuliza, "Ngwe ya nani?" Nokoa akataja jina, kamba ya huyo ikanyoshwa, majembe yakainuka. Bila jina, hakuna jembe.

Kamba yao ilikuwa ya mlimaji mmoja fukara, ambaye alikwisha fariki. Shekuwe aliona aibu shamba la kifalme kuitwa kwa jina la mtu aliyezikwa kwa sanda ya kuchangiwa. Akalipiga marufuku. Miaka mitatu nokoa alijibu, "Ya yule," na watu wakaelewa. Mjane wake, Bi Mwanamvua, hakuwa akilitaja hata kabla ya marufuku. Kwao mke hamwiti mumewe kwa jina. Basi jina likalala. Na jina lilipolala, Shekuwe akaivuta kamba.

Mawingu yalikwisha anza kukusanyika. Siku tatu, nne, mvua ingeanguka. Kwa ngwe ile mpya watu wangetoka alasiri, hoi, na vijishamba vyao vingekutwa na mvua vikiwa nyasi tupu. Hapo ni njaa mwaka mzima.

Bi Mwanamvua akaketi juu ya mpini wa jembe lake. "Ngwe ya nani?"

"Ya... yule," akasema nokoa.

"Yule hakufika kule. Namjua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji."

Watu wote wakaketi. Sultani akaitwa, akaja juu ya punda, macho bado yana usingizi.

"Mbona mmekaa? Hii ni ngwe ya Sultani!"

"Shamba ni la Sultani, Mwinyi, hatubishi," akasema Bi Mwanamvua. "Mtama wako, punda wako. Sisi twauliza nani aliilima hii ikaisha saa nne."

"Nokoa aliilima."

Nokoa akashika kiuno. "Mwinyi, mgongo."

"Umekuuma lini?"

"Sasa hivi, uliponitaja."

Watu wakaziba midomo. Sultani akageukia upande mwingine. "Basi aliilima babu yangu!"

"Mungu amrehemu. Na mashahidi wake?"

"Wamekufa."

"Wote? Basi ngwe hii inaua, Mwinyi. Tuonee huruma tuliobaki."

"Aliilima jini!"

"Haya, na mtama avune jini."

"We mwanamke! Nitawafunga nyote!"

"Gereza lina kivuli, Mwinyi, twende. Ila wingu lile halifungiki. Likianguka, utapanda na nani?"

Sultani akalitazama wingu. Akateremka kwenye punda. "Sikiliza. Ngwe ni kamba. Kamba ni yangu. Nikitaka ifike Makka, itafika!"

"Ifike, Mwinyi. Walau tutahiji."

Hapo hata punda alionekana kucheka. Shekuwe akapiga mguu chini, vumbi likamrudia usoni. "Yangu! Hii ni ngwe yangu mimi, Shekuwe! Umesikia?"

"Tumesikia, Mwinyi." Bi Mwanamvua akainuka, na watu wote wakainuka naye. Akaokota jembe lake, akalifuta udongo kwa upindo wa kanga, akampokeza kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Bismillahi. Mashahidi ndio hawa, hamsini na kitu. Jua lingali chini. Ukifika kigingini kabla ya saa nne, tutailima mpaka tufe, na wajukuu wetu wataiita kwa jina lako."

Shekuwe akalipima jembe mkononi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. "Na nisipofika?"

"Usipofika, Mwinyi, ni vilevile. Pale utakapoliweka chini, ndipo tutakapopiga kigingi."

Sultani akakitazama kigingi kule mbali. Akatazama viganja vyake. Akatazama hatua tatu za udongo mgumu mbele ya makubadhi yake, na watu hamsini na kitu waliokwisha anza kutabasamu.

Nokoa, mgongo umenyooka ghafla, akakohoa. "Niwajibuje, Mwinyi? Ngwe ya nani?"

Sultani akamrudishia Bi Mwanamvua jembe lake.

"Ya Songoro," akasema Sultani, na jina lililolala miaka mitatu likaamka.