Mto wa Sufi na Karata Tano

Hapo zamani, watu walipokuwa wakicheza karata za poka kwa ndoto na si kwa fedha, palikuwa na ndugu watatu: Kombo, Mwanamvua na mdogo wao Mize. Mama yao alipofariki aliwaachia mto wa sufi. Ukiulalia mchana unamwona mama, mnazungumza, unaamka shavu likinukia asumini.

Sasa huyo Kombo, mtu mzima na ndevu zake, akaupeleka mto mezani kwa Bwana Kingwaru, bingwa wa karata, akaupoteza. Kingwaru akaulalia kila siku, akimwota mama wa wenzake, na kila usingizi sufi ikipungua, mpaka iliyobaki ikawa ya usingizi mmoja tu.

Mwanamvua alimwambia kaka yake, "Nifundishe huo mchezo uliotutia hasara."

Kombo akamfundisha. Karata tano mkononi. Jozi inashindwa na jozi mbili, jozi mbili zinashindwa na tatu za namna moja, na kopa tano zinazipiga zote hizo. "Na mwenzio akitupa zake, umeshinda. Hulazimiki kuonyesha zako."

Mize akamfundisha kuutuliza uso. Akamtekenya, akayasema vibaya mapishi yake, siku saba, mpaka dada akawa hatikisi hata kope. Na kwa kuwa mezani hukai bila kuweka kitu, Mize akasema, "Dada, weka kicheko changu."

Mwanamvua akaingia kwa Kingwaru, chumba kimejaa moshi wa udi, sakafu kama inaelea. Kingwaru akauweka mto mezani, akamgawia karata tano. Hata mbili hazikufanana. Akamfikiria Mize asiyecheka tena, akaogopa, akatamani kukimbia. Uso ukatulia.

"Naongeza," akasema. "Naweka na sauti yangu."

Kingwaru akamtazama, akamtazama, akatupa karata zake. Wafalme watatu, jamani!

Mto ukarudi nyumbani. Mkeka ukatandikwa.

Kombo akasema, "Mama alizikwa nikiwa safarini, sikupata radhi yake, na ndotoni niliona haya kuiomba. Na mchezo nimeufundisha mimi."

Mize akasema, "Alifariki nikinyonya. Mto mlinificha, mkasema mimi mdogo. Hata sura yake siijui, na kicheko kilichowekwa ni changu."

Mwanamvua akasema polepole, "Mimi nilimwuguza. Neno lake la mwisho sikulisikia, usingizi ulinichukua, na ndotoni sikuthubutu kumwuliza. Nataka nikamwulize alisema nini. Na mezani nilikaa mimi."

Jua likaanza kupinduka. Mto ukawa katikati ya mkeka, na wote watatu wakaanza kusinzia.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: je, ni kichwa cha nani kilichostahili kuulalia?