Wekundu wa Tofali

Wajukuu zangu, hivi tofali likiwa jekundu, mnajuaje kama limeiva? Mnacheka. Wekundu wa tofali si kuiva kwake. Mmemsikia mama yenu akiyasema haya leo, mkaja kuniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kijijini alikuwapo mfyatua matofali, Ambakisye. Alishikwa na kikohozi kisichokoma, akasema ni moshi wa tanuri. Alipoanza kutoka jasho usiku mpaka shuka linakamulika, dada yake Tumpe alimburuta zahanati. Kumbe kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita, Tumpe akawekwa kuwa msimamizi wake wa kumeza dawa.

Mwezi wa pili kikohozi kikaisha, mashavu yakajaa. Akaacha dawa kimyakimya, akimwambia Tumpe anazimeza tanurini. Wenzake wa tanurini hakuwaambia lolote tangu mwanzo, na walilala naye kibanda kimoja, mlango umefungwa kwa baridi ya milimani.

Siku moja Tumpe alivikuta vidonge nyumbani, ndani ya buti la mvua la kaka yake. Aliwatazama watoto wa kaka yake wakicheza uani, akavifunga pindoni mwa kanga, akapanda mpaka tanurini. Moto ulikuwa unanguruma, matofali ya nje mekundu kama pilipili.

"Kaka, zimeni moto. Yameshaiva hayo."

Wanaume wakaangua kicheko.

"Mdogo wangu, wewe jua ugali, haya tuachie," akasema Ambakisye. "Wekundu wa tofali si kuiva kwake! La katikati bado bichi. Lijengee uone, mvua ya kwanza tu ukuta unawalalia wanao."

Tumpe akafungua pindo. "Na mashavu yako hayo, kaka, si wekundu tu? Wanao watalaliwa na nini?"

Mwenzake mmoja, Kapange, akakohoa, akawahi kusema, "Moshi huu, bwana."

Ambakisye akamtazama.

"Hata mimi nilisema moshi. Jamani, nina kifua kikuu, na dawa nimeziachia njiani. Kapange, kesho mimi na wewe zahanati. Nanyi wengine mkapimwe."

Walikwenda. Ambakisye akaanzishiwa matibabu upya, na Kapange akakutwa na ugonjwa huohuo. Safari hii Ambakisye hakuacha hadi mganga wa zahanati mwenyewe aliposema basi. Na Kapange alipopata nafuu, akaanza kujificha siku za dawa, Ambakisye alimgongea dirisha alfajiri.

"Toka, Kapange! Wekundu wa tofali si kuiva kwake."