Ardhi Tupu Pembeni mwa Picha

Wapendwa, tuingie pamoja katika karakana ya mchonga picha mmoja huko Ulaya, zama ambazo habari za bara la Amerika zilikuwa bado mpya na walioliona walikuwa wachache mno. Mchongaji huyu hakuwa mmoja wao. Aliagizwa atengeneze picha za kitabu cha safari za nahodha fulani: achore kwanza kwenye karatasi, kisha achonge kwenye bamba la shaba, kisha apake wino na kuchapa. Kwa kuwa hakujua watu wa kule walivyo, nahodha alimletea mmoja, mwanamume aliyemchukua mateka na kumfanya mtumishi wake.

"Usimwogope, fundi," nahodha akatania. "Haumi. Na lugha yetu anaielewa kidogo."

Mchongaji akashika kalamu. "Haya, bwana. Nionyeshe mlivyompokea nahodha siku alipofika kwenu."

Yule mtu akasimama wima, akatabasamu, akanyoosha mikono miwili kama anayetoa bakuli la chakula.

"Vizuri. Kisha?"

Akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Hapo hapo, usitikisike." Alipokwisha kumchora, akauliza tena, "Kisha?"

Yule mtu akajilaza sakafuni kwa ubavu, akakunja mkono mmoja kama anayefunika kitu kifuani, akatulia.

Mchongaji akacheka. "Nahodha, mwamshe mtu wako. Kazi bado, yeye ameshapitiwa na usingizi."

Nahodha hakucheka. "Hajalala," alisema.

Ndugu zangu, mnamwona mchongaji? Kalamu iko mkononi. Anamtazama aliye sakafuni, kisha anautazama upanga kiunoni mwa nahodha. Sasa anajua. Wewe ungefanya nini?

"Basi nichonge ipi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ile ya magoti. Hiyo itawapendeza wasomaji."

Akachonga ile ya magoti. Akaongeza bakuli la matunda, akaongeza na tabasamu, na chini yake akaandika: Wenyeji wampokea mgeni kwa furaha. Ukurasa wa kwanza ulipotoka, wino ungali mbichi, wakamwita yule mtu aje ajione. Hakujitazama. Aliweka kidole pembeni mwa yule aliyepiga magoti, penye ardhi tupu, akakipitisha hapo, akarudia, akarudia, hadi wino ukatapakaa.

"Toa mkono," mchongaji akasema. "Unanichafulia picha."

Yule mtu akakunja tena mkono kifuani, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Kitabu kikachapwa, na baada ya vizazi vingi kikawa adimu, kikawekwa nyuma ya kioo. Watu walinawa mikono kabla ya kukifungua, wakasifu uzuri wa mistari yake. Ile ardhi tupu hakuna aliyeiuliza kitu.

Tumeshtuka, na tushtuke. Lakini tuwe waangalifu katika kumhukumu mchongaji, maana hakukosa kuuliza. Aliuliza vizuri, kwa utaratibu, akapewa jibu lote, akachapa nusu yake. Na sisi je? Yuko binti wa kazi nyumbani kwako anayepiga magoti kuwanawisha wageni, nao husema, "Huyu ana adabu, mmempata wapi?" Picha nzuri hiyo, nasi tunajivunia. Nani kati yetu amewahi kumwuliza, "Kisha?" Wageni wakiondoka, kisha? Taa zikizimwa na mlango wake ukasukumwa, anayeusukuma ni nani, na kwa nini asubuhi sote tunamsifu kwamba ni mtulivu?

Leo tukifika nyumbani tuulize, na tukishauliza tungoje jibu mpaka mwisho wake, hata likitutaja sisi kwa majina. Na akiweka kidole mahali ambapo tumezoea kuona ardhi tupu, asiwepo hata mmoja wetu wa kumwambia, "Unanichafulia picha."